Mtazame jike kwanza

Kiangazi kikishaikausha Dodoma, bomba moja linalovuja linatosha kukusanya ndege wa mtaa mzima. Jua likianza kuchoma, hushuka kundi la ndege wadogo wa rangi ya samawati, kila mmoja akiwa na gramu kumi hivi. Hunywa kwa haraka, hurukia mgunga ulio karibu, kisha hurudi wawili wawili. Mpita njia akiulizwa ameona nini, atajibu bila kusita: ndege wa bluu wenye mashavu mekundu. Lakini wenye mashavu mekundu huwa ni nusu ya kundi, au pungufu. Waliobaki walikunywa maji yale yale, mbele ya macho yale yale, na hakuna aliyewaweka akilini.

Waliobaki ni majike na makinda. Kwa yeyote anayetaka kuwafahamu ndege hawa porini, awe mwanafunzi, mwongoza watalii au mkulima, hao ndio wa kuanza nao. Mazoea ya kumkodolea macho dume na kumpita jike yamewapotosha watazamaji, yamevipotosha vitabu, na kwa muda mrefu yaliipotosha hata sayansi.

Katika makala haya wataitwa chiriku wa bluu, ingawa si ndugu wa karibu wa chiriku wa Ulaya. Ukoo wao ni ule wa ndege wadogo wala mbegu za nyasi walioenea Afrika, Asia na Australia. Jenasi yao ni Uraeginthus. Aina ni tatu, na Tanzania ina bahati ya kuwa nazo zote.

Ya kwanza ni Uraeginthus bengalus, na dume wake ndiye mwenye shavu jekundu. Ameenea kuanzia Senegal hadi Ethiopia, akashuka Uganda, Kenya na Tanzania hadi Zambia, na hukaa hata kwenye bustani za mijini. Carl Linnaeus alimpa jina hilo la Bengali mwaka 1766, ilhali Bengali si kwao hata kidogo. Ya pili ni Uraeginthus cyanocephalus, ambaye dume wake ana kichwa kizima cha bluu kisicho na wekundu wowote. Huyu ni ndege wa nyika kavu ya miiba: Tsavo, Amboseli, Magadi, Tarangire, Dodoma. Mmarekani Charles Richmond ndiye aliyemwandika kisayansi mwaka 1897. Ya tatu ni Uraeginthus angolensis, ndege wa kusini, anayepatikana Morogoro, Iringa na Dar es Salaam, na kuendelea hadi Afrika Kusini. Dume wake ana uso wa bluu, lakini utosi ni wa kahawia kama mgongo, na shavu halina doa.

Madume hayo matatu hayamsumbui mtu. Mtoto wa darasa la tatu akionyeshwa picha asubuhi, jioni atawatofautisha bila kukosea.

Sasa waondoe madume. Jike wa shavu jekundu hana shavu jekundu. Ana mgongo wa kahawia, uso wa bluu iliyopauka, kifua cha bluu na tumbo la rangi ya mchanga, yaani karibu kila kitu alicho nacho ndege wa kusini. Ndiyo maana ni rahisi mtu aliyeko Kisumu au Bukoba kuandika kwenye daftari lake kwamba amemwona ndege wa kusini, na kurudi nyumbani akijipongeza kwa ugunduzi. Hajagundua kitu. Amemwona jike wa ndege wa kila siku, akamsoma kwa kitu asicho nacho badala ya kumsoma kwa alivyo.

Kumsoma kwa alivyo kunahitaji utulivu kidogo. Mahali pa kuanzia ni mdomo. Jike wa kichwa cha bluu ana mdomo wa waridi iliyokolea wenye ncha nyeusi, unaoonekana vizuri hata akiwa kivulini. Mdomo wa jike wa shavu jekundu umefifia zaidi na una ukijivu, na ule wa ndege wa kusini ni wa kijivu zaidi. Baada ya mdomo ni uso: bluu ya jike wa kichwa cha bluu mara nyingi ni angavu na imekaa vizuri usoni, wakati utosi wake unabaki na rangi ya mchanga. Mwenye mdomo mweusi mtupu na bluu hafifu ni kinda, naye ni busara kumwacha apite bila kumpa jina.

Mwanga nao una hila zake. Bluu ya manyoya haya haitokani na rangi iliyomo ndani yake. Hutokana na jinsi unyoya ulivyojengwa, unavyotawanya mwanga na kuurudisha ule wa bluu. Ndege akiwa na jua nyuma yake, bluu hiyo huzama na kuwa kijivu. Mtazamaji aliyesimama upande usiofaa anaweza kuapa kwamba ameona ndege wa kahawia tupu. Azunguke, jua liwe mgongoni mwake, ndipo aseme.

Lakini dalili kubwa kuliko zote haimo mwilini mwa ndege. Chiriku wa bluu huishi wawili wawili, na jike haendi mbali na dume wake. Mtu akingoja dakika tano bila kusogea, ile sauti nyembamba ya juu, siii, siii, itajibiwa kutoka kwenye kichaka cha pili, na mwenzake atatokea na kumaliza ubishi. Programu za simu zinazotambua ndege kwa picha ni nzuri, na aliyezivumbua apewe sifa zake. Hata hivyo, picha moja ya jike akiwa peke yake haibebi habari iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni habari ya anayeandamana naye.

Kwa nini basi watu hufundishwa kuanza na dume? Jibu moja limo kwenye makabati ya makumbusho. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Natalie Cooper wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London walichapisha hesabu ya vielelezo karibu milioni mbili na nusu vya ndege na mamalia vilivyohifadhiwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Kwa upande wa ndege, majike yalikuwa asilimia 40. Walipohesabu vielelezo rasmi, vile ambavyo jina la aina nzima limefungwa juu yake, majike yalishuka hadi asilimia 27. Wawindaji wa vielelezo wa karne ya 19 walipiga risasi kilichong'aa na kilichoimba. Wachoraji wa vitabu walichora walicholetewa. Msomaji wa leo wa kitabu cha ndege, anayemkuta dume mkubwa katikati ya ukurasa na jike amebanwa pembeni, amerithi upendeleo wa bunduki za zamani.

Nyimbo zina kisa kama hicho. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba dume huimba na jike husikiliza, kwa sababu wengi wa waandishi wake walikua Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako kwa ndege wengi hali ndiyo hiyo. Mwaka 2014 Karan Odom na wenzake walikusanya habari za aina 323 za ndege waimbaji kutoka pande zote za dunia, wakakuta majike yanaimba katika asilimia 71 ya aina hizo. Waliporudi nyuma kwenye nasaba, walihitimisha kwamba hata mababu wa ndege hawa walikuwa na majike yanayoimba. Aliyekulia nchi za joto na kusikiliza ndege wakipokezana nyimbo alfajiri hatashangaa sana. Kinachoshangaza ni kwamba jambo hilo lilisubiri mpaka 2014 kuandikwa kwa uzito huo.

Na hapo ndipo chiriku wa bluu wanapoingia kwenye historia ya sayansi kwa mlango wa mbele. Nao Ota na Masayo Soma wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, wakishirikiana na Manfred Gahr wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, walikuwa wakichunguza uchumba wa yule wa kichwa cha bluu, ndege wa Tsavo na Dodoma, lakini kwa kutumia ndege waliofugwa. Kwa macho ya kawaida uchumba wake ni hivi: ndege anaokota ujiti wa nyasi, anaushika mdomoni upande mmoja, anasimama juu ya tawi karibu na mwenzake akiwa ameinua kichwa, kisha anaruka-ruka papo hapo huku akiimba. Wafugaji walikuwa wameyaona hayo kwa miaka mingi, na wote walidhani ni kuruka tu.

Watafiti wale wakaweka kamera inayopiga picha 300 kwa sekunde, wakati video ya kawaida hupiga 25 au 30. Walipoicheza taratibu, waliona kwamba kila ndege anapojiinua na kushuka, miguu yake inalipiga tawi mara kadhaa kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuifuata. Hakuwa anaruka, alikuwa anacheza. Nyayo zinagonga tawi, ujiti unapanda na kushuka, wimbo unatoka mdomoni, vyote kwa pamoja, kama mchezaji ngoma aliyevaa njuga ambaye mwendo wake unaonekana na kusikika kwa wakati mmoja. Wenzi walipokuwa kwenye tawi moja, hatua ziliongezeka, jambo lililowafanya watafiti wafikirie kwamba mtikisiko wa tawi lenyewe nao ni sehemu ya ujumbe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Scientific Reports, na magazeti mengi ya dunia yaliandika kuhusu ndege wanaocheza kwa miguu. Kiini cha habari kilipita bila kelele nyingi: majike yalikuwa yanacheza pia. Jike anaokota ujiti wake, anapanda tawini, anapiga hatua zake. Mwaka 2018 timu hiyo hiyo ilichapisha katika Science Advances kwamba wenzi hawa huongeza onyesho hilo la wimbo na mchezo pale ndege wengine wanapokuwa wakitazama, nalo huwa limeelekezwa kwa mwenzi. Hilo nalo liliwahusu wote wawili, dume na jike. Mtafiti ambaye angemrekodi dume peke yake, kama ilivyokuwa desturi, angepata nusu ya habari na kuiita nzima.

Kuna mfano mwingine wa karibu, tena una ujanja zaidi. Uani mwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki kuna ndege mdogo mwekundu, Lagonosticta senegala, anayeokota punje chini bila kuogopa watu. Kiota chake huvamiwa na ndege wa jamii ya fumbwe, Vidua chalybeata, ambaye hutaga mayai yake humo na kuondoka, akimwachia mwenyeji kazi ya kulea. Dume wa mvamizi huyu ni mweusi wa kung'aa na huimba akiiga nyimbo za mwenyeji. Jike ni wa kahawia yenye michirizi, na mtu anaweza kumwona mara mia asimkumbuke hata mara moja. Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwachunguza ndege hawa kwa miaka mingi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, yeye na wenzake walionyesha kwamba jike aliyelelewa na ndege wa aina nyingine kabisa, akikua, huwapendelea madume wanaoimba nyimbo za walezi hao, na huenda kutaga kwenye viota vya aina hiyo hiyo. Mpango mzima wa uvamizi, na hata kuzaliwa kwa aina mpya, hutegemea masikio ya yule ndege wa kahawia. Katika kichaka hicho mtambuzi hodari ni yeye, na kitabu hajawahi kufungua.

Kwa mkulima wa mtama wa Kondoa au wa mpunga wa Mbarali, mazungumzo haya yanaweza kuonekana ni ya watu wasio na kazi. Adui yake ni kwelea kwelea, wanaokuja kwa maelfu kwa maelfu na kuacha suke tupu, na watoto wake wanaacha shule kwenda kuamia ndege shambani. Hasira yake ni ya haki. Lakini hata hapo suala la jike linarudi. Jike wa kwelea ni ndege wa kahawia mwenye michirizi mgongoni, na kwa mbali kila ndege mdogo wa kahawia anayenyanyuka kwenye nyasi hugeuka kuwa kwelea. Chiriku wa bluu hula zaidi mbegu ndogo za nyasi zilizodondoka chini, pamoja na mchwa na wadudu wengine. Si yeye anayemaliza shamba. Akinyanyuka, jike wake huonyesha kiuno na mkia wa bluu, alama ambayo kwelea hana kamwe. Kijana anayeamia akilijua hilo moja, manati yake itachagua.

Sumu haichagui. Dawa ya fenthion inayonyunyiziwa kutoka angani kwenye malalo ya kwelea huua pia ndege wengine waliolala humo, na huwafikia hadi mwewe wanaokuja kula mizoga. Hakuna anayewaomba wakulima wavumilie njaa kwa ajili ya uzuri wa ndege. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kwamba kabla ya kunyunyiza, mtu anayejua kutofautisha majike afike pale, atazame nani wanalala humo, na maoni yake yaandikwe.

Kuhusu viota, wenzi wa chiriku wa bluu hujenga mpira wa nyasi kavu wenye mlango ubavuni, ndani wakatandika manyoya, kisha jike hutaga mayai meupe manne au matano. Wa kusini anajulikana hasa kwa tabia ya kujenga karibu na nyigu. Mti wa miiba wenye nyigu ni ulinzi wa bure. Nyoka na watoto watundu hufikiri mara mbili. Mtu anayevitafuta viota hivi naye afikiri mara mbili.

Maarifa haya mengi yamepatikana vizimbani, na hilo lina historia yake. Ndege hawa walisafirishwa nje ya Afrika kwa miongo mingi kama mapambo ya nyumbani. Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaufanya uamuzi huo kuwa wa kudumu. Tanzania nayo ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Aina zote tatu bado ni nyingi porini na haziko katika orodha ya walio hatarini. Ila jambo moja halipendezi: mchezo wa ndege wa Tsavo ulionekana kwanza na watu waliokuwa maili elfu kadhaa kutoka Tsavo.

Vifaa si kisingizio tena. Simu nyingi zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue leo zina uwezo wa kupiga video ya mwendo wa polepole ya picha 240 kwa sekunde, si mbali sana na kamera ile ya 2015. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Voi aliye na simu ya namna hiyo, na uvumilivu wa kukaa chini ya mgunga, ana karibu kila kitu walichokuwa nacho watafiti wale, na ana kimoja ambacho wao hawakuwa nacho: ndege walio kwao, wenye majirani, maadui, ukame na nyigu.

Mahali pa kujifunzia pia papo. Jijini Nairobi, matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971 chini ya chama kinachojulikana leo kama Nature Kenya, yamewalea waongozaji na watafiti wengi. Kenya Bird Map hupokea kumbukumbu kutoka kwa mtu yeyote aliye tayari kuandika alichoona na alipokiona, na Tanzania Bird Atlas imekuwa ikikusanya kumbukumbu za namna hiyo kwa miongo kadhaa. Vyuo vinavyofundisha waongoza watalii vingefanya jambo la maana kama mtihani wa ndege ungekuwa na picha za majike peke yake kwa muhula mmoja. Wanafunzi wangelalamika, kisha wangeanza kutazama midomo.

Wakati mzuri wa kuanza ni pale mvua zinapoelekea ukingoni na nyasi zinapotoa mbegu, kwa sababu ndipo viota hujengwa na vijiti huokotwa. Asubuhi kabla ya saa nne, jua likiwa mgongoni, kando ya maji au kwenye uwanja wenye nyasi fupi. Akionekana ndege wa bluu mwenye ujiti mdomoni, simu iwashwe na ielekezwe kwenye miguu. Na kama aliye tawini ni jike, video hiyo isifutwe kupisha picha za dume.